Ubaridi ni Neema Itakayoulizwa

Kwa Jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyejaalia kivuli kuwa rehema na usiku kuwa utulivu, na akaipa kila nchi joto lake na baridi yake kwa kipimo. Sala na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Waislamu wamezoea kuonywa juu ya israfu ya chakula kinachotupwa baada ya arusi, na israfu ya nguo na dhahabu. Ni nadra kuonywa juu ya israfu ya hewa. Na hali ya kuwa familia za Waswahili zinazoishi Maskati, Dubai au Doha hutumia sehemu kubwa ya umeme wao wa majira ya joto katika kupoza hewa ya nyumba. Na zile zilizohamia nchi za kaskazini hutumia joto la nyumba wakati wa baridi bila ya kuliona wala kulipima. Hewa haishikiki kwa mkono, wala haibaki sahanini ikamwaibisha aliyeipoteza. Kwa hiyo kuipoteza ni jambo jepesi, na kuhukumu juu yake ni jambo zito. Na mara nyingi hukumu inayotolewa kwa haraka humdhulumu mtu.

Mfano wa nyumba moja

Na ipigiwe mfano familia iliyotoka Maskati ikapanga fleti katika ghorofa ya sita huko Skärholmen, kitongoji kilicho kusini-magharibi ya Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Nyumbani humo wamo baba, mama, vijana wawili wa skuli, na bibi yao mzaa baba, mwanamke aliyezaliwa Unguja, akahamia Oman baada ya mwaka 1970, na sasa amepindukia miaka themanini.

Wakati wa baridi, mabomba ya joto yaliyo chini ya madirisha huwa ya moto usiku na mchana. Vijana hukaa na fulana, na chumba kikiwazidi joto hufungua dirisha, na theluji iko nje. Bibi akiwaambia wafunge, humjibu: "Bibi, joto limo ndani ya kodi." Naye hunyamaza, kwa kuwa hajui desturi za nchi.

Majira ya joto yakaja, na mwezi wa Julai ukawa mkali. Fleti haikuwa na kiyoyozi, kama zilivyo nyingi katika nchi hiyo. Baba akanunua mashine ndogo yenye magurudumu na bomba nene la kutoa hewa dirishani, akaiweka ukumbini. Vijana wakaishusha mpaka nyuzi joto 16, wakajifunika mablanketi. Kisha wakatoka kwenda madukani, wakaiacha ikinguruma katika ukumbi mtupu, na dirisha liko wazi kwa ajili ya kupitisha bomba. Bili ya umeme ilipofika, baba aliisoma mbele ya watu wote, akasema kwa hasira: "Nyumba hii imejaa israfu, na israfu ni haramu!"

Siku ya pili yake kila mmoja alikwenda kwenye shughuli zake, na bibi akabaki peke yake. Alasiri jua likayapiga madirisha ya magharibi. Bibi akainuka, akaizima mashine, akafunga dirisha kama alivyozoea Maskati, akakaa kitako. Mwanawe aliporudi alimkuta ulimi umemkauka, kichwa kinamzunguka, na maneno yake hayashikani. Daktari akaitwa, naye bibi akapozwa na kunyweshwa maji mpaka akapata nafuu. Akaulizwa: "Mama, kwa nini umeizima?" Akajibu: "Mwanangu, umesema ni israfu. Mimi ni mtu mzima, sitaki niwe sababu ya dhambi katika nyumba yako."

Neno lililosemwa lilikuwa neno la haki. Lakini liliwapita waliolistahiki, likamwangukia asiyelistahiki. Basi suala ni hili: ni nani katika nyumba hiyo aliyefanya israfu, na israfu hupimwa kwa kipimo gani?

Kutafuta ubaridi si jambo la kulaumiwa

La kwanza la kujulikana ni kwamba sharia haikumtaka mja aungue kwa joto ili aonekane mchamungu. Imethibiti kwa Mtume (s.a.w.) kwamba aliamrisha Sala ya Adhuhuri icheleweshwe mpaka joto lipungue pale linapokuwa kali. Ikiwa wakati wa Sala, ambayo ni nguzo ya dini, umelegezwa kwa ajili ya joto, basi joto ni mashaka yanayozingatiwa na sharia, na kuyaondoa ni jambo lenye asili katika dini.

La pili ni kwamba joto linaua. Katika joto kali la Agosti 2003, nchi ya Ufaransa peke yake ilipoteza watu wapatao 15,000, na wengi wao walikuwa wazee. Huko Uswidi, Julai wa mwaka 2018 ulikuwa Julai wenye joto kuliko wote katika kumbukumbu za Stockholm zilizoanza kuandikwa mwaka 1756. Taasisi ya hali ya hewa ya nchi hiyo hutoa tangazo pale inapotabiri kwamba joto la mchana litafika nyuzi joto 26 kwa siku tatu mfululizo. Mkaazi wa Maskati akisikia nyuzi joto 26 hucheka, kwa kuwa huko kwake hicho ni kipimo cha siku njema. Lakini asiyejua sababu asicheke. Nyumba za kaskazini zimejengwa ili zilinde joto lisitoke. Jua la mwanzo wa Julai huko Stockholm huchomoza kabla ya saa kumi za alfajiri na hukaribia saa nne za usiku ndipo likatua, na kuta za saruji hulinywa mchana kutwa. Ndani ya fleti ya ghorofa ya juu joto huwa kubwa kuliko la nje. Na mzee hupungukiwa na jasho, hupungukiwa na kiu, wala hatambui kwamba mwili wake unakauka.

Na kuhifadhi nafsi ni katika mambo matano ya dharura ambayo sharia imekuja kuyalinda. Kwa hivyo kiyoyozi kinachomhifadhi mzee, mgonjwa au mtoto mchanga katika siku kama hizo hakihesabiwi kuwa ni anasa, bali ni katika masurufu ya lazima, kama dawa na chakula.

Maana ya israfu

Israfu katika lugha ni kupita mpaka. Wanazuoni wengi wametofautisha baina yake na ubadhirifu: israfu ni kuzidisha kuliko haja katika jambo lililo halali, na ubadhirifu ni kukiweka kitu mahali ambapo hakina haki ya kuwekwa. Katika maneno yote mawili hakuna kiwango cha fedha. Hakuna aliyesema kwamba shilingi kumi si israfu na shilingi mia ni israfu. Kipimo ni haja na haki.

Na katika Suratul Furqan, aya ya 67, Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake kwa kuwa katikati ya pande mbili, upande wa israfu na upande wa ubakhili. Anayeukimbia upande mmoja mpaka akaangukia wa pili hajaokoka, bali amebadilisha kosa kwa kosa.

Lililo wazi zaidi ni mpango wa aya katika Suratul Israa. Kutoka aya ya 23 zimetajwa haki za wazazi wawili, hasa wanapofikia uzee. Kisha katika aya ya 26 imekuja amri ya kumpa jamaa haki yake, na katika aya hiyo hiyo, bila ya kutenganishwa, limekuja katazo la ubadhirifu. Na mwenye kuzingatia ataona kwamba mambo haya mawili yamefungwa pamoja kwa hekima. Mali hukatazwa kupotezwa ili ibaki ya kuwapa wenye haki. Basi mwenye kumnyima mzazi wake ubaridi kwa kuogopa ubadhirifu ameikata aya vipande viwili, akachukua kipande cha mwisho na akaacha cha mwanzo.

Hapa ndipo kinapopatikana kipimo kilichotafutwa. Ubaridi unaomfikia mwenye haja nao si israfu, ijapokuwa bili yake ni kubwa. Na ubaridi unaojaza chumba kisichokuwa na mtu ni israfu, ijapokuwa bili yake ni ndogo, au haipo kabisa.

"Limo ndani ya kodi"

Maneno haya ya mwisho ndiyo yanayopingwa na wengi. Husemwa: vipi kitakuwa israfu kitu ambacho hakimgharimu mtu chochote? Huko Ghuba watu walisema hivyo hivyo kwa muda mrefu, kwa kuwa umeme wa majumbani ulikuwa rahisi kwa ruzuku ya serikali. Serikali ya Oman ilipoanza kuiondoa ruzuku hiyo hatua kwa hatua mwaka 2021, ndipo baadhi ya watu walipotambua kwamba walikuwa wakipoza vyumba vya wageni ambao hawakuja. Lakini kilichobadilika mwaka huo ni bei. Ama hukumu ilikuwepo tangu awali.

Na huko Skärholmen shubuha hii ina nguvu zaidi. Kitongoji hicho kimejengwa hasa katika miaka ya 1960, wakati Uswidi ilipokuwa na mpango wa kujenga nyumba milioni moja baina ya mwaka 1965 na 1974. Stesheni yake ya treni ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1967, na kituo chake cha maduka mwaka 1968. Desturi ya nyumba za kupanga za namna hiyo ni kwamba joto na maji ya moto huhesabiwa ndani ya kodi, na mpangaji hulipa peke yake umeme wa matumizi ya nyumbani mwake tu. Joto lenyewe halipikwi ndani ya nyumba. Maji huchemshwa katika mitambo ya mji, ambayo miongoni mwa inavyovichoma ni taka na vipande vya miti, kisha husafirishwa kwa mabomba chini ya ardhi, yakapeleka joto lake kila nyumba na kurudi yamepoa.

Kwa upande wa fiqhi, mkataba wa kupanga ni ijara, na ijara humpa mpangaji haki ya manufaa, wala haimpi milki ya kitu chenyewe. Na manufaa hayo yamewekewa mpaka na ada ya mahali. Mwenye kukodi mnyama amemkodi kwa kumpanda kwa kiasi kinachojulikana, hata kama katika mkataba haikuandikwa kwamba asimpande mpaka afe. Vivyo hivyo aliyepanga fleti yenye joto ameruhusiwa joto la kukaa. Mamlaka ya afya ya Uswidi inapendekeza nyumba iwe baina ya nyuzi joto 20 na 23. Hakuruhusiwa kupasha moto uwanja wa nje kwa kufungua dirisha huku mabomba yanawaka. Chumba kikizidi, bomba lina kifungo chake cha kupunguzia. Na kama kimeharibika, amwarifu mwenye nyumba. Na utekelezaji wa mikataba umeamrishwa katika aya ya kwanza ya Suratul Maida.

Watu wa Oman hawakuhitaji kufika Uswidi ili waifahamu mas-ala hii, kwa kuwa wamekulia juu ya falaji. Maji ya falaji hutembea usiku na mchana, na hakuna anayepima kila kikombe. Hata hivyo yamegawanywa kwa zamu na hisa. Kipimo mashuhuri ni athari, ambayo kwa kawaida ni nusu saa, na yupo wakili anayesimamia. Falaji ya Khatmain huko Birkat al-Mawz imegawa maji yake mafungu matatu yaliyo sawa sawa, na ni moja katika aflaji tano za Oman zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi vimejaa mas-ala za aflaji: nani atangulie, nani asafishe mfereji, na nini hukumu ya mwenye kuchukua kuliko zamu yake. Katika umma huo hakusikika mtu kusema, "Maji yanakuja tu, basi niyamwage." Wanajua kwamba aliye juu akimwaga, mtende wa aliye chini hukauka.

Basi mabomba ya Skärholmen ni falaji ya joto. Anayefungua dirisha mwezi wa Januari anamwaga maji ya falaji. Gharama yake haipotei hewani. Huingia katika hesabu ya mwenye nyumba, na hesabu hiyo huja katika kodi wanayoijadili wapangaji wote kwa umoja wao, na miongoni mwao wamo mjane na asiyekuwa na kazi. Kule kusema "hakinigharimu" maana yake ni kwamba kinamgharimu mtu mwengine.

Na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza Sahaba wake Saad israfu ya maji katika udhu, hata kama yuko kwenye mto unaotiririka. Wanazuoni wa Hadithi wameizungumzia isnadi yake, na wapo walioidhoofisha. Lakini maana yake inaafikiana na iliyothibiti katika Qur'ani. Maji ya mto hayauzwi, wala hayaishi kwa udhu wa mtu mmoja. Imejulikana basi kwamba katazo limeelekezwa kwenye mkono wa mtumiaji na adabu yake, kabla ya kuelekezwa kwenye mfuko wake.

Hukumu ni moja, na miji ni mbalimbali

Imamu Jabir bin Zaid, ambaye kwake yanarejea madhehebu ya Kiibadhi, alizaliwa Firq karibu na Nizwa, katika bara kavu la Oman, na akaishi Basra, mji wa maji na unyevu. Hukumu za dini hazikubadilika kwa safari hiyo. Kilichobadilika ni hali ambazo hukumu huteremshwa juu yake. Na kuijua hali ni nusu ya kuhukumu. Kwa hiyo familia iliyohama inalazimika kujua namna joto linavyofanya kazi katika mji ilikohamia, kwani ada njema ya mji mmoja huweza kuwa israfu katika mji mwengine.

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho linapokauka. Katika hewa kavu ya Nizwa jasho hukauka upesi, na mtungi wa udongo ulioninginizwa kivulini hupoza maji yake kwa njia hiyo hiyo. Katika hewa ya pwani, kama ya Maskati au Unguja, unyevu umekwisha kuijaza hewa, na jasho hubaki juu ya ngozi. Ndiyo maana nyuzi joto 32 za pwani huchosha kuliko nyuzi hizo hizo za bara. Kiyoyozi kina kazi mbili: kupoza hewa na kuikausha, kwani mvuke ukigusa mabomba yake ya baridi hugeuka maji. Mwenye kulijua hilo hatashusha mashine mpaka nyuzi 16. Hewa ikishakauka, nyuzi 25 au 26 humtosha mtu aliyekaa kitako, na kila nyuzi inayoshushwa chini ya hapo humwongezea mashine kazi bila ya kumwongezea mkaazi raha, ila blanketi.

Na katika unyevu mwingi, feni ya kiyoyozi isiachwe ikizunguka mfululizo wakati kipozeo kimesimama, kwa kuwa hurudisha chumbani maji yaliyokwisha kukusanywa. Iwekwe izunguke na kusimama pamoja nacho. Mashine kubwa mno kwa chumba kidogo nayo hupoza upesi ikazimika kabla ya kukausha, na wakaazi wakabaki na baridi yenye unyevu. Chujio lioshwe, vyungu vifunikwe, mlango wa hamamu ufungwe, na nguo mbichi zisianikwe katika chumba kinachopozwa, kwa sababu mashine italazimika kuyakamua maji yake kutoka hewani.

Ama kufunga madirisha usiku na mchana, hiyo ni ada ya Maskati yenye maana, kwani usiku wa huko mwezi wa Julai hewa ya nje ni ya moto na yenye unyevu. Stockholm si hivyo. Usiku wake, hata katika siku za joto, mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 20. Mwenye kufungua madirisha ya pande mbili baada ya jua kutua, upepo ukapita, kisha akayafunga asubuhi na kuyateremshia mapazia kabla jua halijayafikia, huenda siku nyingi asihitaji mashine kabisa. Hayo si mageni kwa Waswahili: nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa kuta nene na ua wa ndani ili upepo upite na jua lizuilike. Na kivuli kilichowekwa nje ya kioo ni bora kuliko pazia la ndani, kwa kuwa jua likishapita kioo limekwisha kuingia.

Na mashine yenye bomba moja hutoa nje hewa ya chumba. Hewa hiyo lazima ipate badali yake, na badali huingia kwa kila upenyo ikiwa na joto. Dirisha likiachwa wazi kwa ajili ya bomba, basi mashine inafukuzana na jua bila ya mwisho. Upenyo huo uzibwe kwa kitambaa au ubao, mlango ufungwe, na kipozwe chumba kimoja tu, nacho kiwe kile anachokaa mwenye haja zaidi. Maji yanayokusanyika ni tahiri, kwani asili yake ni mvuke wa hewa, na yafaa kumwagiliwa miti. Lakini yasiachwe yakadondokea roshani ya jirani wa chini.

Haki ya jirani

Kumtaja jirani kunaongoza kwenye jambo lililosahauliwa katika nyumba iliyopigiwa mfano. Katika majengo kama hayo, nyuma ya mlango wa pili huenda akawepo mzee wa Kiswidi anayeishi peke yake, ambaye watoto wake wako mbali. Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, jirani wa karibu na jirani wa mbali wametajwa pamoja na wazazi na jamaa, na kutofautiana dini hakuondoi haki ya ujirani. Kumgongea mlango siku ya joto kali, kumpelekea maji, au kumkaribisha akae saa mbili mbele ya hewa baridi, ni katika haki hiyo.

Na hapa kipimo kilichotangulia kinadhihirika tena. Mashine ile ile, kwa umeme ule ule, ilikuwa israfu ilipopoza ukumbi mtupu, na ingekuwa sadaka lau ingewapoza bibi na jirani yake. Na lau ingelazimika kuachwa saa tatu zaidi kwa ajili yao, zisingekuwa saa za israfu.

Jawabu

Kwa hayo, suala linajibiwa. Vijana wamefanya israfu mara mbili: mara moja kwa mashine iliyopoza chumba kisicho na mtu, nayo walijua itakuja na bili, na mara ya pili kwa dirisha la majira ya baridi, ambalo hawakulihesabu kuwa ni kitu. Na hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa ilihusu haki za watu wengi wasiojulikana, ambao si rahisi kuwaomba radhi.

Baba amesibu katika kukemea, na amekosea katika namna ya kukemea. Hakimu hahukumu nyumba nzima kwa kosa la wawili. Ilimpasa awaite vijana wake awabainishie, kisha amwendee mama yake amwambie: "Hii imenunuliwa kwa ajili yako, na kuitumia ni haki yako." Neno la dini likitupwa bila ya kulengwa humchoma mwenye moyo laini, na mwenye moyo mgumu humpita tu.

Ama bibi, hakufanya israfu hata kidogo. Nia yake ilikuwa njema, na malipo ya nia yako kwa Mola wake. Lakini kitendo chake hakifai kuigwa, kwani nafsi ni amana, na mwenye amana haachi iharibike kwa kuogopa gharama ya kuitunza.

Masheikh wa Kiibadhi wamebainisha kwamba ukafiri uko wa namna mbili: ukafiri wa ushirikina, unaomtoa mtu katika mila, na ukafiri wa neema, ambao ni wa Muislamu aliyeneemeshwa akaikabili neema kwa maasi. Wakasisitiza pia kwamba dhambi ndogo haibaki kuwa ndogo ikishikiliwa bila ya toba. Haisemwi kwamba kila aliyesahau kuzima mashine ameingia katika hukumu hiyo, kwani kusahau kumesamehewa. Lakini mwenye kubainishiwa, kisha akaendelea kusema "limo ndani ya kodi", na achunguze ameshikilia nini.

Na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.), Abubakar na Umar walitolewa majumbani mwao na njaa, wakakaribishwa na mmoja wa Ansari, wakala na kunywa kivulini. Akawaambia kwamba kivuli kile cha baridi, tende zile nzuri na maji yale baridi ni katika neema watakazoulizwa. Hao walikuwa na kivuli cha mtende kwa muda wa mlo mmoja. Basi itakuwaje kwa mwenye kuuita ubaridi kwa kidole wakati wowote autakao? Ataulizwa aliupeleka wapi, na nani alikuwa akiuhitaji.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba za Waislamu, popote zilipo, ziwe za wastani na huruma. Awape wazee wake afya, na vijana wake fahamu. Na amjaalie kila aliyepewa neema awe mwenye kuishukuru kwa ulimi na kwa vitendo. Na sala na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake wote. Na mwisho wa wito ni kumshukuru Mola wa walimwengu.